Na Aliyebeba Mzigo Aandikwe

Mnajua ninyi nyote ya kuwa mwezi wa Novemba ni mwezi wa wafu. Tarehe 2 tunakwenda makaburini, tunang'oa majani, tunasimamisha misalaba iliyoanguka, na Padri anapita na maji ya baraka. Katika parokia yetu, hapa kando ya ziwa Tanganyika, tuna desturi moja zaidi. Baada ya Misa watoto wa shule wanapanga mistari mbele ya nyumba ya darasa la sita, na mtoto mmoja anasoma kwa sauti majina ya watu wa parokia waliokufa kwa vita. Kwa kila jina wenzake wanaitika, wanamwombea raha ya milele. Mwisho anasoma mstari mmoja usio na jina. Hapo wote wanapiga magoti.

Mimi ni mwalimu mzee, nimekwisha kupumzika. Desturi hii niliiona ikizaliwa, tena niliiona ikikaribia kufa. Wageni wananiuliza: «Mwalimu, mstari ule usio na jina ni wa nani?» Na watu wa hapa, wenye kinyongo moyoni, wananiuliza neno lingine: «Kwa nini mnasoma na jina la fulani, mtu aliyetenda mabaya?» Leo nataka kuwajibu wote wawili.

Swali la mtoto wa nyuma

Mwaka 1986, nchi yetu ilipoitwa Zaire, nilikuwa nafundisha darasa la sita. Siku moja somo lilikuwa juu ya vita kubwa ya kwanza. Nalipenda somo lile kupita mengine, maana vita ile ilifika mpaka mlangoni petu. Wakati ule Wadachi, ndio Wajerumani, walitawala ng'ambo yote ya ziwa. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann ilivuka ikaja Lukuga, mahali palipoitwa baadaye Albertville na leo Kalemie. Ikapiga mizinga, ikaiharibu meli ya Wabelgi, Alexandre Delcommune. Niliwaeleza watoto jinsi Waingereza walivyoleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilitoka Ulaya kwa meli mpaka Afrika ya Kusini, zikapanda gari la moshi mpaka Katanga, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini na ng'ombe na mikono ya watu, mpaka zikafika ziwani. Mwezi wa Februari 1916 Hedwig ikazamishwa.

Watoto walifurahi sana kusikia mashua zilizopanda mlima. Nikaendelea. Nikawaonyesha jinsi askari wa Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, walivyoingia Rwanda na Burundi, wakakamata Kigali mwezi wa Mei 1916, Kigoma mwezi wa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Ubaoni nilichora ziwa na mishale ya chaki nyekundu. Nikasema kwa kujivuna: «Watoto, waliokamata Tabora ni babu zenu!»

Mtoto mmoja wa nyuma, mwembamba, mtoto wa mvuvi, akainua mkono.

«Mwalimu, toka Kigoma mpaka Tabora ni mbali?»

«Ni mbali sana.»

«Askari walikula nini?»

«Walikula unga, na mchele, na nyama wakipata.»

«Nani aliubeba unga?»

«Wapagazi.»

«Walikuwa wangapi?»

Sikujua. Nikamwambia akae, wakati wa maswali umekwisha. Ninyi walimu mnaosoma ukurasa huu mnafahamu namna ile ya kumkalisha mtoto ambaye swali lake limekushinda.

Jioni nilikwenda kwa Padri, maana yeye alikuwa na vitabu. Tukatafuta pamoja kwa taa. Askari wa Kongo waliokufa katika vita ile wanahesabiwa karibu 2,000. Lakini wapagazi waliochukuliwa na Serikali ya Wabelgi kwa vita ile wanatajwa kuwa 260,000. Nikasoma hesabu ile mara mbili, nikidhani nimekosea sifuri moja. Ilikuwa lazima wawe wengi hivi. Barabara za magari hazikuwapo, na ng'ombe na punda walikufa upesi kwa kuumwa na mbung'o. Basi risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, chakula, mahema, hata sanduku za maofisa, vyote vilikwenda kichwani na begani mwa watu. Na mpagazi naye lazima ale. Safari ikiwa ndefu, anakula sehemu ya mzigo anaoubeba, na tena lazima mwingine nyuma yake abebe chakula chake. Kwa hiyo kila askari mmoja aliyekwenda mbele alivuta nyuma yake mstari wa watu wasio na bunduki.

Tena wengi walikufa. Risasi ziliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara, na homa ya mapafu, na njaa, na baridi ya milima kwa mtu mwenye kipande cha nguo tu. Askari aliandikwa katika kitabu cha kikosi chake. Mpagazi mara nyingi hakuandikwa jina, alihesabiwa tu kama mizigo inavyohesabiwa.

Maneno ya shangazi

Jumapili baada ya Misa nilipita kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba anachambua maharagwe. Nikamhadithia habari za somo, nikacheka kidogo juu ya mtoto yule mwenye maswali. Shangazi hakucheka. Aliweka ungo chini, akasema: «Mwanangu, baba yako hakukuambia?»

Akaanza kunieleza. Mwaka ule wa vita kapita alifika kijijini pamoja na askari wawili, anataka wanaume. Babu yangu alikuwa kijana bado. Alikuwa na mtoto mmoja mdogo, ndiye baba yangu, na mke mwenye mimba. Walimfunga kamba pamoja na wenzake ili wasikimbie njiani, wakawapeleka Lukuga kuvuka ziwa. Mimba ile ndiye shangazi mwenyewe. Aliniambia: «Mimi na baba yangu hatukuonana hata siku moja.»

Vita ikaisha. Wachache wakarudi. Mmoja alisema ya kuwa alimwacha babu kando ya njia, upande wa Tabora, tumbo limemwisha, hawezi kusimama. Mwingine alisema hapana, huyu alitoroka usiku, sasa ameoa ng'ambo na anakula vizuri. Haikufika karatasi, haukufika mshahara, wala nguo yake haikurudi.

Sasa tazameni ubaya wa neno lile la pili. Kwetu mtu asiyejulikana kama amekufa, matanga yake hayaliliwi. Mke wake hanyoi nywele, hatoi kilio, ndugu hawakai pamoja kumaliza mambo ya marehemu. Nyanya yangu alikaa hivi mpaka kufa kwake, si mke wala si mjane. Na watoto wake wawili, wakienda kuchota maji, wenzao waliwaita «watoto wa mtoro». Shangazi alisema: «Hata siku ya komunyo yangu ya kwanza mtoto mmoja aliniita vile mlangoni pa kanisa. Baba yako alipigana mara nyingi kwa ajili ya neno lile. Ndiyo sababu hakukuambia. Alitaka neno lile life pamoja naye.»

Nikamwuliza: «Wewe shangazi, unaamini lipi?»

Akanitazama sana. Akajibu: «Miaka sabini nimechoka kuamini. Nataka kumlilia tu, na hakuna aliyenipa ruhusa.»

Wasomaji wapenzi, nilirudi nyumbani na haya. Miaka mingi nilikuwa nafundisha ushindi wa Tabora, nachora mishale yangu myekundu, na babu yangu mwenyewe alikuwa chini ya mshale, sikumwona.

Kaye za watoto

Siku ya Jumatatu nilimwita mbele yule mtoto wa mvuvi, nikamwambia mbele ya wote: «Swali lako lilikuwa zuri, na mimi nilikosa kukukalisha.» Kisha nikawapa watoto kazi. Kila mmoja apige mistari katika kaye yake, afanye sehemu tatu: jina la mtu wa jamaa aliyekwenda vitani asirudi, alikwenda vita gani, kwa bunduki ama kwa mzigo, nani leo anamkumbuka. Waende kuuliza wazee, na waulize kwa heshima.

Walikuwa na juma mbili. Walileta mengi kuliko nilivyotazamia. Waliokwenda kwa bunduki walikuwa na majina kamili. Wengine walikuwa wa vita ya pili, waliokwenda Abisinia mwaka 1941 kwa njia ya Sudani. Mzee mmoja aliyefika huko alikuwa hai bado. Alikuja darasani na nishani yake katika kitambaa, akawaeleza watoto habari za Asosa na Gambela, na za Saio, ambako Waitalia waliweka silaha chini mwezi wa Julai na majenerali wao tisa. Watoto walitaka asimulie mapigano. Yeye aliwasimulia zaidi habari za mvua, na njaa, na ugonjwa wa kuvimba miguu ulioua wenzake pasipo risasi. Alipotaja wenzake wawili wa kijiji chake alinyamaza kitambo, na watoto wakanyamaza pamoja naye.

Waliokwenda kwa mzigo walikuwa na majina machache. Mtoto mmoja aliandika: «Mume wa kwanza wa nyanya ya baba.» Mwingine: «Kaka wa mzee wetu, jina analo mtu aliyekufa mwaka jana.» Na mtoto mmoja wa kike aliandika hivi: «Jina limesahauliwa. Alikuwa mrefu.»

Nilikaa na kaye ile muda mrefu. Kwa sheria ya shule, sehemu ya jina ikiwa tupu, jibu halikutimia. Lakini ningewezaje kumpa sifuri? Mtu mzima alikuwa ameishi, amebeba, amekufa, na toka kwa maisha yake yote lilibaki neno moja: alikuwa mrefu. Mtoto yule alikuwa ameliokota neno la mwisho lililobaki juu yake duniani.

Tena nilitaka watoto wajue uzito. Nilichukua gunia, nikalipima mahindi mpaka kilo 25, maana hiyo ndiyo kadiri ya mzigo wa mpagazi. Wavulana wakubwa wakalibeba kwa zamu kuzunguka kiwanja cha mpira. Mara ya kwanza walicheka na kukimbia. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Nikawaambia: «Sasa fanyeni hivi toka asubuhi mpaka jua likielekea, na kesho tena, na mwezi ujao tena, kwa konzi moja ya unga.»

Padri alipoona kaye zile alitueleza jambo ambalo sikulijua. Desturi ya Padri kusoma Misa tatu tarehe 2 Novemba ilienezwa kwa Kanisa lote na Baba Mtakatifu Benedikto wa 15, mwezi wa Agosti 1915, katikati ya vita ile ile, kwa sababu wafu walikuwa wengi mno na waombezi wao walikuwa wachache. Misa moja ni kwa nia ya Padri mwenyewe, moja kwa nia ya Baba Mtakatifu, na moja kwa marehemu waamini wote, hata yule asiye na mtu wa kumtaja. Padri akasema: «Mwalimu, wapagazi wako wamo katika Misa ile tangu zamani. Kinachokosa ni sisi kuwajua.»

Basi seremala wa misioni alitupa ubao wa muvula. Tukauandika kwa rangi nyeupe. Juu tuliweka askari na wapagazi pamoja, hatukuwatenga. Mwisho tukaweka mstari huu: «Na wapagazi wetu ambao majina yao yamepotea.» Tarehe 2 Novemba 1986 mtoto wa mvuvi ndiye aliyesoma. Aliposoma jina la babu yangu, shangazi alisimama katikati ya wanawake, akavua kitambaa cha kichwa, akatoa kilio cha matanga. Wanawake wakaenda kwake mmoja mmoja, wakalia pamoja naye. Padri hakuwazuia. Siku ile jioni shangazi alinyolewa nywele kama mtoto aliyefiwa jana, naye alikuwa na miaka sabini. Alipokufa yeye mwenyewe, mwaka 1993, alikufa bila deni la kilio.

Si sisi tu

Baadaye niliona ya kuwa swali la mtoto yule limewashinda na wakubwa. Mjini Dar es Salaam iko sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, na maneno yake yanawataja wapagazi pia. Nairobi iko nyingine ya mwaka 1928, na mmoja wa watu wake watatu ni mpagazi. Hayo ni mema. Lakini sanamu moja si sawa na jina. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita, yenye majina mengi sana yaliyochongwa katika mawe, ilikiri hadharani ya kuwa watu wasiopungua 116,000 wa vita ya kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina, ama hawakukumbukwa kabisa. Walichelewa miaka mia moja, lakini walikiri, na ni afadhali hivyo kuliko kunyamaza.

Na kwetu Kongo, mwezi wa Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvika nishani Kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia, aliyetumika Burma katika vita ya pili. Wote wenzake walikuwa wamekwisha kufa. Niliposikia habari ile nilifurahi, kisha nikafikiri: wote wamengojewa mpaka amebaki mmoja.

Majina mapya

Sasa nafika kwa neno lile gumu. Vita zilirudi kwetu mwaka 1996 na tena mwaka 1998. Sina haja ya kuwaeleza, ninyi mliziona. Tulikimbilia msituni, wengine ng'ambo ya ziwa. Tuliporudi, shule ilikuwa ukuta mtupu. Viti vilikuwa vimechomwa moto, na ubao wetu wa muvula ulikuwa umepasuliwa kuni. Siwalaumu waliofanya hivyo. Mtu mwenye njaa hasomi, anapika. Lakini kaye moja niliyoandika majina yote ilibaki, maana mke wangu aliifunga pamoja na rozari yake na karatasi za ubatizo wa watoto.

Mwaka 2004 tulitaka kuandika ubao mpya. Niliwapa watoto kazi ile ile ya zamani. Nilifikiri wataleta majina ya babu. Walileta majina ya baba, na ya mama, na ya ndugu. Sehemu ya tatu, ile ya «nani anamkumbuka», wengi waliandika: «Mimi.»

Mvulana mmoja aliandika jina la kaka yake. Kaka yule alikuwa ameingia katika kundi la watu wa bunduki, akafa nao. Kundi lile lilichoma kijiji kimoja hapa karibu, na watu walikufa katika moto. Katika darasa lile lile, kiti cha pili toka kwake, alikaa mtoto wa kike ambaye baba yake alikufa siku ile.

Mama ya mtoto yule alikuja kwangu asubuhi kabla ya kengele. Hakupiga kelele. Alisema: «Mwalimu, nimesikia mtaandika na jina la yule. Mkiliandika, futeni la mume wangu. Hawawezi kukaa ubao mmoja.» Nami nikamwuliza afadhali gani. Akajibu: «Wewe ni mwalimu, utajua.» Akaenda zake.

Sikujua. Usiku sikulala. Nikimwandika kijana yule, namwumiza mjane. Nikimfuta, namwambia mdogo wake wa miaka kumi na miwili ya kuwa kaka yake si wa kuombewa. Naye huyu mdogo amekosa nini? Tena nilikumbuka «watoto wa mtoro» mlangoni pa kanisa. Neno moja tu lililia miaka sabini katika nyumba yetu.

Tulikutana, wazazi na walimu na Padri. Wengine walisema: tuandike wale wa zamani tu, tuache hawa. Wengine: tuandike walio wema. Mzee mmoja akauliza: «Na askari wa Tabora, wote walikuwa wema? Nyanya yangu alisema walikula mbuzi wetu bila kulipa.» Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana lilikuwa kweli.

Ndipo Padri alipofungua Kitabu cha Pili cha Wamakabeo, sura ya 12. Wengi tunajua ya kuwa Yuda Makabeo alikusanya fedha kwa watu wake, akazipeleka Yerusalemu kutolewa sadaka kwa ajili ya askari waliokufa. Katika katekisimu tunafundishwa hayo ili tujue kuombea roho za Purgatori. Lakini Padri alituonyesha mistari iliyo juu kidogo, ambayo mimi nilikuwa naipita upesi. Walipokwenda kuzika wafu wale, walikuta chini ya nguo zao hirizi za miungu ya uongo, kitu kilichokatazwa na Sheria. Walikufa katika kosa, na kosa lilionekana wazi mbele ya wote. Yuda hakusema kosa si kosa. Wala hakuacha maiti zao shambani. Aliwazika, akawaombea, akalipa fedha kwa ajili yao kwa sababu walikuwa wamekosa.

Padri akauliza: «Ubao wenu ni wa kusifu ama wa kuombea?»

Swali lile lilitufungua. Ubao wa kusifu unataka hakimu, na katika sisi nani anaweza kuwa hakimu? Ubao wa kuombea unataka jina tu. Tukapatana mambo matatu. Neno «shujaa» lisiandikwe popote. Majina yapangwe kwa herufi, si kwa cheo wala kwa upande wa vita. Na kabla ya kusoma, mtoto aseme wazi: «Tunawaombea hawa wote, waliouawa na walioua. Mungu ndiye anayewajua.»

Nilikwenda mwenyewe kwa yule mjane kumpa habari. Sikumwomba asamehe. Kusamehe si kazi ya shule, hakuletwi kwa barua ya mwalimu. Nilimwambia tu tulivyopatana na sababu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: «Andikeni. Lakini mimi nisikalishwe karibu.»

Tarehe 2 Novemba mwaka ule alisimama mbali, chini ya mwembe, ametupa mgongo. Jina la mume wake liliposomwa, niliona mabega yake. Jina la kijana yule liliposomwa, hakugeuka, lakini hakuondoka. Watu walipokwisha kutawanyika alikuja ubaoni, akamwomba binti yake amwonyeshe, maana yeye hakusoma. Mtoto akaweka kidole: hapa baba, na huyu hapa. Kati yao yalikuwa majina mawili. Mama akayapima kwa vidole, akasema: «Wako mbali kidogo. Vema.» Tangu hapo anakuja kila mwaka. Bado anasimama chini ya mwembe.

Maneno ya mwisho

Ndugu zangu wazazi, na ninyi walimu wenzangu, nawaomba jambo moja dogo. Kabla Novemba haijafika, mpeni mtoto kaye na kalamu, mtumeni kwa mzee wa jamaa. Aulize nani alikwenda asirudi. Vita ya kwanza hakuna mtu aliye hai wa kuisimulia. Wanaokumbuka waliosikia nao wanakwisha. Mzee akifa leo, kesho mwenye «alikuwa mrefu» atakuwa hana hata neno lile. Na mkikuta katika jamaa yenu mtu aliyeitwa mtoro, msikubali upesi. Ulizeni kwanza kama aliyesema hivyo alimwona akikimbia, au alitaka tu kumaliza habari.

Tena jina lenye aibu lisifutwe. Mletee Padri, aliweke katika Misa. Huko ndiko mahali pake.

Yule mtoto wa mvuvi aliyeuliza nani alibeba unga sasa ni baba wa watoto wanne. Mwaka jana mtoto wake wa pili alichaguliwa kusoma majina. Alifika mwisho, kwa mstari wa wapagazi, akasoma polepole kama tulivyomfundisha. Nasi wazee, hata mimi na magoti yangu mabaya, tukashuka chini mchangani pamoja na watoto, tukawaombea watu tusiowajua, waliokwenda na mizigo isiyo yao, mpaka leo hawajarudi.